Barua kwa mwanangu aliyeniuliza wembe wa kununua

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma ulipoingia tu, nikaurudia usiku nilipotulia. Unaniuliza, kwa shingo yako hiyo inayojaa vipele kila ukinyoa, ununue wembe wenye nyembe ngapi kichwani: tatu, tano, au urudi kwenye ule wa marehemu baba yako, wenye wembe mmoja wa kubadilisha. Umeniuliza mimi na hukumuuliza kinyozi, kwa sababu unajua nani alikuwa anamnyoa baba yako miaka yake ya mwisho.

Nitafika huko. Kwanza niambie, unanyoa kabla ya kuoga au baada? Hukusema, na asiyelisema hilo kwa kawaida ananyoa kavukavu: anapaka povu kwa mkono huu, huku mkono wa pili umeshashika wembe, na papo hapo anaanza kukwangua. Uso hunyolewa na maji, mwanangu, wembe unakuja kufagia tu. Najua dada yako alikuwa akiniigiza nikilisema hilo, mpaka na sauti yangu akaipata, lakini sijaona sababu ya kuliacha. Unywele wa ndevu ukiwa mkavu ni mgumu kweli. Uloweshe kwa maji ya vuguvugu dakika mbili tatu, unakunywa maji, unavimba, unalainika, na wembe ule ule uliokuwa unauvuta sasa unaukata. Povu lenyewe halilainishi sana. Linayashikilia yale maji yasikauke na kuufanya wembe uteleze. Ndiyo maana likianza kukauka shavuni unapaka lingine. Humalizii hivyo hivyo eti pamebaki padogo.

Unaikumbuka siku wageni walipokuja kumjulia hali, baba yako akiwa ndiyo kwanza ametoka hospitali? Ulikuwepo, ila nadhani ulikuwa nje na watoto. Aliyemnyoa asubuhi ile simtaji. Alikuwa na nia njema, na haraka zaidi ya nia. Alimwegemeza kwenye mito, akampaka sabuni ya kunawia, akapitisha wembe kutoka chini ya shingo kupanda juu, mipito mirefu, bila hata kutazama ndevu zimelalaje. Na baba yako alikuwa kwenye dawa za kuzuia damu kuganda. Kidonda kidogo chini ya taya, ambacho kwa mtu mwingine kingekauka kabla hajavaa shati, kilivuja na kuvuja. Akabandikwa vipande vya karatasi.

Mtu ambaye hakuwahi kutoka chumbani bila kunyoa, hata siku ambayo hana pa kwenda, akaketishwa mbele za watu hivyo. Kiharusi kilikuwa kimemlaza upande wa kulia na maneno yalimtoka vipande vipande, kwa hiyo hakulalamika. Aliinua mkono wa kushoto akaiziba shingo yake, akaushikilia pale mpaka mgeni wa mwisho alipoaga. Watu walidhani shingo inamuuma. Mimi nilijua. Hilo bado linanichoma, mwanangu, na nikikutana na yule mtu huwa namwitikia salamu vizuri tu, lakini linanichoma.

Kuanzia hapo sikumwachia mtu.

Ninyi wanaume hamjui kiasi gani cha kunyoa mnakifanya kwa misuli ya uso. Mnavimbisha shavu, mnasukuma ulimi kwa ndani, mnavuta mdomo juu ya meno, yote bila kufikiri. Baba yako upande wa kulia hakuwa na hata kimoja cha hivyo. Shavu lilikuwa limelegea na kona ya mdomo imeshuka. Ikabidi vidole vyangu vifanye kila ambacho misuli yake ilikuwa inafanya, na kwa kufanya hivyo nikaujua uso wa mwanaume mahali kwa mahali, kuliko nilivyoujua miaka yote ya ndoa.

Mashavu hayana neno, yaanze. Mdomo wa juu na kidevu viache mwisho, kwa sababu ndevu za hapo ndizo nene na ngumu kuliko zote, na kadiri povu linavyokaa ndivyo zinavyolegea. Kwenye masharubu, vuta mdomo wa juu ushuke juu ya meno, na kwa kidole cha mkono mwingine inua ncha ya pua kidogo ili wembe ufike pale chini ya tundu. Mipito mifupi, kushuka. Kwenye kona ya mdomo fungua kinywa kidogo, ule mkunjo unajinyoosha wenyewe. Kwa baba yako niliunyoosha kwa kidole gumba. Kidevu ni duara na wembe umenyooka, kwa hiyo usijaribu kukizunguka kwa mpito mmoja. Vuta mdomo wa chini juu ya meno ya chini, nyoa kipande, suuza wembe, nyoa kingine.

Na usibonyeze. Wembe wa baba yako ulikuwa na mpini mzito wa chuma, na uzito ule ulitosha. Kazi ya mkono wangu ilikuwa kuuelekeza tu, umelala karibu na ngozi na haujasimama. Ukijikuta unabonyeza, ama wembe umekwisha makali ama ndevu hazijalowa. Kwa kukujua, hazijalowa.

Sasa shingo. Shingo ndiyo inayowashinda wengi kwa sababu wanadhani ndevu zote za binadamu zinaota kuelekea chini. Acha zako siku mbili bila kunyoa, halafu simama penye mwanga, ngozi ikiwa kavu, upitishe ncha ya kidole: kushuka, kupanda, kwenda sikioni, kurudi kooni. Unakoteleza ndiko zilikolalia. Unakokwaruza ni kinyume. Za baba yako upande wa kushoto zilishuka vizuri, lakini kulia, chini ya taya, zililala zikielekea sikioni, na pale juu ya kola ya shati zilipanda juu. Yaani mahali ambapo kila mtu angeshusha wembe akidhani anazifuata, alikuwa anakwenda kinyume nazo. Nina hakika na zako ziko hivyo hivyo, maana hata kile kizunguko cha nywele kisogoni ulikichukua kwake.

Kikoromeo, meza mate, kitapanda. Nyoa palipobaki tambarare. Ukishindwa kukizuia, sogeza ngozi pembeni kwa kidole mpaka itoke juu ya kile kifupa, unyoe huko, kisha uiachie irudi. Kwa baba yako kumeza lilikuwa jambo la kufikiria, kwa hiyo nilisogeza. Taya nalo ni hivyo hivyo: usinyoe juu ya ukingo wa mfupa, telezesha ngozi ya shingo ipande shavuni, unyoe ikiwa pale.

Hapa najibishana mwenyewe. Nimekwambia telezesha, vuta, nyoosha. Kwa baba yako ilikuwa lazima, ngozi ilikuwa imelegea na wembe ungeikunja. Lakini yeye hakuwahi kutoka vipele. Wewe ndevu zako ni za kujipinda, za upande wa babu yako mzaa mimi, na kwa mtu wa namna yako kuivuta ngozi ikakaza ni hatari: unywele unakatwa ukiwa umevutwa, ngozi ikiachiwa ncha inazama chini, na kwa kuwa umejipinda inatoboa kutoka ndani badala ya kutafuta njia yake. Ndicho kipele chenyewe. Unywele mwingine hutoka nje kwanza, ukajikunja ukarudi kuchoma ngozi pembeni. Kwa hiyo telezesha kiasi cha kuitoa ngozi juu ya mfupa, basi, usiikaze. Shingoni penyewe usiivute kabisa, na usitupe kichwa nyuma kama anayetafuta ndege angani. Inua kidevu kidogo tu.

Kumbe nimeshakujibu na la nyembe. Dada yako amenitafutia: Gillette ilitoa ya nyembe mbili mwaka 1971, ya nyembe tatu ikaja 1998, ya nyembe tano 2006. Sifa yake ni kwamba wembe wa kwanza unauvuta unywele juu kidogo na unaofuata unaukata kabla haujarudi, hivyo unabaki chini ya uso wa ngozi. Kwa mwenye ndevu zilizonyooka ni raha. Kwako ni kuupeleka unywele kule kule usikotaka ufike. Chukua wembe mmoja, fuata ndevu zilivyolala, pita mara moja, na uridhike. Usirudie kinyume eti upate ulaini. Lakini hata huo mmoja, ukinyoa kavu, utakuchubua. Maji kwanza.

Vile vilivyokwisha kutoka usivinyoe juu yake. Ukiacha wembe wiki chache vingi vitatulia, kwa sababu unywele ukirefuka unajitoa wenyewe. Unaouona umejikunja chini ya ngozi unaweza kuuinua ncha kwa sindano iliyosafishwa kwa spiriti, lakini usiung'oe. Ukiota upya unaanzia ndani na mchezo ni ule ule. Vikianza usaha au kuacha makovu yaliyoinuka, hapo si kazi yangu wala ya wembe, nenda kwa daktari wa ngozi. Ukimaliza kunyoa, maji baridi na shabu iliyoloweshwa panapovuja damu. Hayo manukato yenye spiriti uliyoanza nayo ukiwa kidato cha nne, ukidhani kuwashwa ndiyo uanaume, ngozi yako haiyahitaji. Wembe wenyewe usimwazime mtu, hata shemeji yako. Homa ya ini hupita kwenye damu ambayo hata huioni.

Nataka nikwambie na hili, maana lile la wageni nimekusimulia mara nyingi na hili sidhani. Kulikuwa na asubuhi moja nimemaliza, nimemfuta kwa kitambaa, nakusanya beseni. Baba yako akainua mkono wa kushoto, akapitisha kidole polepole chini ya taya la kulia, kinyume na ndevu, akasimama mahali. Akaniangalia. Nikagusa: kweli, palikuwa na kijisehemu kidogo kuliko ukucha nimekiruka. Nikarudisha povu, nikanyoa, akakagua tena, halafu akatikisa kichwa vile alivyokuwa akiwatikisia ninyi mkileta ripoti za shule, ya kwamba imepita ila ingeweza kuwa bora. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mtu hawezi kutamka jina langu likatoka zima, lakini kunisahihisha anaweza! Tangu siku hiyo ukaguzi ukawa wa kila mara, na mimi, nisikufiche, mara nyingine nilikuwa naruka mahali makusudi.

Dada yako alikuwa amemletea mashine ya umeme, unaikumbuka, iko bado kabatini. Daktari naye alisema kwa mtu wa dawa zile mashine ni salama zaidi, na alisema kweli. Nilibisha. Hapana, sikubisha, nilinyamaza. Baba yako ndiye aliyegeuza uso ukutani. Nilimsikiliza yeye. Labda ningesisitiza. Lakini mashine haikupi sababu ya kukaa nusu saa unaushika uso wa mtu, na kwa upande wangu sikumkata hata... haya, mara moja, sikioni, na alikuwa amegeuka.

Kwako wewe mashine ina faida moja ambayo siwezi kuificha: unaiweka isifike kwenye ngozi, inaacha kama milimita moja, na unywele usiokatwa chini hauna pa kuzamia. Hiyo milimita moja ingemaliza maneno yote haya ya shingo. Ila ukisimama karibu na mtu inaonekana, na wewe umesema unataka ulaini.

Unataka, au umeambiwa unataka? Hukuniuliza hilo, kwa hiyo silijibu. Uso ni wako, na kazi yako ina mambo yake ya jinsi mtu anavyotakiwa kuonekana. Nina ninaloliona, na baba yako angekuwepo angeliona tofauti, angesema mwanaume hanyoi nusu. Nimekwambia jinsi ya kunyoa, la kama unyoe amua mwenyewe.

Wembe wake na mpini wake ninao. Nimeusugua kwa mswaki na sabuni, nyembe nimetupa zote za zamani, utanunua mpya. Dada yako akija huko mwisho wa mwezi atakuletea, na brashi pia, ingawa imenyonyoka.

Mkeo alinipigia simu juzi kunieleza anavyoiona yeye hiyo shingo, akaniuliza nina maoni gani. Nimemwambia sina. Usimwambie kama ninayo.

Mama yako