Maswali yenu: anatafuna kanga, rimoti, kola ya shati, mpaka udongo wa ukutani

Wiki hii inboksi imejaa watoto wanaotafuna. Lilianza swali moja tu la mama wa Mbagala, nikasema nitalijibu kesho, kesho yake yakawa saba, basi nimeyaweka pamoja na majina nimeyatoa. Kwa wageni, mimi ni nesi wa kliniki ya watoto, miaka mingi sasa, na wangu mwenyewe ninao watatu, huyo wa mwisho alitafuna kona ya chandarua mpaka ikatoboka na mbu wakapita hapohapo.

"Anti shikamoo. Mwanangu ana miezi 4 na nusu, nikimbeba tu anatafuna kanga, mikono yote mdomoni, udenda unamlowesha kifua. Mama mkwe anasema ndo njaa hiyo, maziwa hayamtoshi, nimkorogee uji mwepesi." Mama, Mbagala

Marahaba mwanangu. Uji bado.

Mtoto kwenye miezi 3, 4 hivi ndo anagundua kumbe ile mikono ni yake na anaweza kuipeleka anakotaka, na anakotaka ni mdomoni, sababu mdomo ndo kiungo chake pekee ambacho kimeshakuwa fundi. Vidole bado vinakamata ovyo ovyo, ila midomo na ulimi vimejaa mishipa ya fahamu na vimefanya kazi tangu siku aliyozaliwa. Kanga akiitia mdomoni anaisoma: hii laini, hii ina chumvi, hii inanukia mama. Wewe mwenyewe jino likitoboka kidogo tu, ukipitisha kidole husikii kitu, ila ulimi unakwambia hapa pana handaki, sasa ndo huo ulimi mtoto anaotumia kujua vitu.

Udenda nao usikutishe, mate yameongezeka na kumeza bado hajazoea. Mvalishe bibu, ikilowa badilisha, kidevu kikianza vipele mpake mafuta ya mgando.

Mama mkwe hajakosea kabisa, maana mtoto mwenye njaa kweli analamba mikono, lakini anakuwa na dalili na nyingine, anageuza kichwa kutafuta ziwa, anahangaika, ukimpa ananyonya anatulia. Huyu wako kama ananyonya, anashiba, alafu anairudia kanga yake, hana njaa huyo. Maziwa kutosha au kutotosha tunaangalia uzito kwenye kadi na mkojo, akikojoa vizuri mara 6 au zaidi kwa siku yanamtosha. Mpaka miezi 6 ni ziwa peke yake, hata maji hapana. Na usibishane nae, siku ya mzani nenda nae kliniki akaone mwenyewe mstari wa kadi unavyopanda, nimeshaona mstari ule ukimaliza ugomvi ambao kikao cha ukoo kilishindwa.

Kanga mpya tu ifue kwanza kabla hajaitafuna, ile stachi na rangi inayochuja si vya kula.

"Meno yanamsumbua, duka la dawa wameniuzia jeli ya ganzi ya kupaka kwenye fizi. Ni sawa? Na nimpe nini atafune?" Mama wa miezi 8, Kisauni

Soma pakiti, ukikuta benzokaini usimpake. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2018 kwamba jeli hizo zisitumike kwa mtoto chini ya miaka 2, zinaweza kuiharibu damu ikashindwa kubeba oksijeni. Na ukipaka mate yanaisafisha yote muda si mrefu, kwahiyo hela umetupa.

Chukua kitambaa safi cha pamba, kiloweshe, kiweke kwenye friji (siyo friza, kisigande), mpe atafune ukiwa hapo. Au nawa mikono umsugue fizi kwa kidole. Vile vidude vya mpira vya kung'ata ni sawa kama ni kipande kimoja kizima na visiwe na maji ndani. Karoti mbichi, kipande cha tufaha, mfupa wa kuku, hivyo hapana kabisa, kikikatika kipande kinaenda kuziba koo.

"Mtoto ana miezi 6, anatafuna kila kitu, homa imefika 39 na leo siku ya 2 anaharisha. Jirani kamfungua mdomo kasema ni meno ya plastiki, kuna mama anayatoa. Bibi yake anasema homa ya meno ni kawaida tusubiri. Nimsikilize nani?" Baba, Kahama

Baba huyu nilimjibu usiku uleule. Usimsikilize yeyote, chukua mtoto nenda kituo cha afya sasa hivi. Alienda. Ilikuwa malaria.

Jino linaweza kuleta fizi kuvimba, udenda, usumbufu, usingizi wa mang'amung'amu, joto kupanda kidogo. Homa ya 38 kwenda juu siyo jino, kuharisha siyo jino. Ila naelewa kwanini watu wanalisingizia, maana pale kwenye miezi 6 mambo yanagongana yote kwa pamoja. Jino la kwanza linachomoza, mara nyingi la mbele chini. Hapohapo anaanzishwa uji, na vyombo na maji si kila siku visafi. Hapohapo anaanza kujikokota chini na kutia mdomoni alichookota, na kinga aliyotoka nayo tumboni kwa mama imeshapungua. Sasa akiharisha, wewe unachokiona kwa macho ni jino tu, vimelea huvioni, jino linabeba kesi isiyo yake.

Hayo wanayoita meno ya plastiki, au nailoni, ni machonge yake mwenyewe ya utotoni, bado laini, bado yako ndani ya fizi. Pale mahali fizi ya kila mtoto inavimba kidogo na kuonekana nyeupe, mfungue mdomo mtoto mzima wa jirani utaona vilevile. Huyo mtoaji anayachimba kwa kitu chenye ncha, wengine kwa spoku ya baiskeli, bila ganzi, kisha anakuonyesha kitu cheupe na wewe unashukuru. Nimewapokea watoto hao. Damu haikatiki, usaha, pepopunda, hatari ya virusi kama kifaa kimetoka kwa mtoto mwingine, na akikua chonge la ukubwani linatoka limepinda au halitoki. Anayepona anapona sababu kuharisha kwingi kunaisha kwenyewe, basi sifa zinaenda kwa spoku.

Akiharisha mpe ORS kidogo kidogo, vidonge vya zinki kituoni watakupa vya siku 10 mpaka 14, ziwa usimkatishe. Macho yakizama ndani, akilegea, akikataa kunyonya, ukaona damu kwenye choo au degedege, hiyo haisubiri asubuhi.

"Jumamosi nilimkuta wangu wa mwaka 1 na nusu anatafuna rimoti, kifuniko kimetoka na betri ile bapa ya duara sioni. Tuliikuta chini ya kochi. Ingekuwa kameza ningefanyaje?" Mama, Kigamboni

Ungekimbia hospitali yenye eksirei, hata kama anacheka. Betri ile ikikwama kwenye koo la chakula inaunguza, ndani ya saa 2 tu madhara makubwa yanaweza kutokea. Usimtapishe. Kama kashatimiza mwaka na anameza vizuri, njiani mpe asali vijiko 2 vya chai kila baada ya dakika 10, haimtibu ila inapunguza kuungua. Kama ndani hamna asali msizunguke madukani kuitafuta. Chini ya mwaka asali usimpe.

Ukitaka kujua kitu gani ni kidogo mno kwake, chukua lile bomba la karatasi linalobaki toilet pepa ikiisha, kinachopita humo kisikae karibu na mtoto wa chini ya miaka 3. Shanga, vifungo, mifuniko ya soda, sarafu. Na hirizi jamani, sigombani na mila ya mtu, ila kikamba shingoni kwa mtoto anayetafuna kina hatari mbili, kunyonga na kukatika akameza.

"Msichana wangu wa Gredi 2 anatafuna kola na mikono ya sweta mpaka inatoka nyuzi, kila mara nanunua uniform. Mwalimu anasema ni tabia mbaya, nimemchapa lakini wapi. Ako sawa kweli?" Mama, Nakuru

Fimbo iweke chini kwanza, utaona kwanini.

Kutafuna kunatuliza, na siyo watoto peke yao. Umewahi kujiuliza mfuniko wa kalamu ya BIC una kitundu cha nini juu? Wanajua watu wanautafuna, ukimezwa ukakwama koo basi hewa ipite hapo. Dereva anatafuna big G, wazee wanatafuna miraa mpaka alfajiri, mtoto wa Gredi 2 hana vyote hivyo, ana kola. Sasa ukimchapa unamuongezea wasiwasi, wasiwasi unamrudisha kwenye kola, umefika wapi?

Mimi ningeanza kwa daftari, wiki moja tu uandike anatafuna saa ngapi. Akisoma kwa sauti mbele ya darasa? Hesabu? Kwenye basi la shule? Au mbele ya TV tu akiwa hana habari? Kama ilianza ghafla angalia kilichobadilika, shule mpya, mtoto mchanga kaja, mnagombana ndani, kuna mwenzie anamuonea, watoto wa umri huo hawakwambii moja kwa moja. Mdomoni nako chungulia, kwenye miaka 6, 7 magego ya ukubwani yanatoka na ya mbele yanalegea, fizi inawasha.

Alafu mpe kingine cha kutafuna. Huyu ni mkubwa, karoti, muwa, mahindi ya kuchoma kabla ya shule, chupa ya maji yenye mrija darasani, kuna na mikufu ya silikoni ya kutafuna kwa wanaoipata. Mwalimu muombe asimtaje mbele ya wenzie, amguse tu begani. Na kwa wanaoniuliza kama ni usonji, kutafuna nguo peke yake hakutoshi kusema hivyo, ila kukiwa na kuchelewa kuongea, kuziba masikio kwa sauti za kawaida, kukwepa watu, mpeleke akaangaliwe.

"Mjukuu wangu wa miaka 3 anabandua udongo wa ukuta anakula, na mkaa. Mama yake akiwa na mimba alikula sana udongo wa sokoni. Karithi?" Bibi, Muheza

Shikamoo bibi. Hajarithi, ila huenda mama na mwana walipungukiwa na kitu kilekile, madini ya chuma. Huyu hatafuni kama wale wa juu, huyu anameza, na mtoto aliyepita miaka 2 akimeza visivyo chakula mwezi mzima tunataka kumuona. Apimwe wingi wa damu, kwa umri wake ikiwa chini ya gramu 11 kwa desilita ana upungufu. Apimwe na choo, maana mayai ya minyoo anayameza humohumo kwenye udongo, na minyoo ya safura inaingia kwa miguu peku ikamnyonya damu, damu ikipungua hamu ya udongo inazidi. Dawa ya minyoo na Vitamini A hutolewa Juni na Desemba, asikose.

Mpe dagaa, maini, maharage, mchicha umkamulie ndimu. Chai asinywe pamoja na chakula bibi, inazuia chuma kisiingie mwilini, najua atanuna. Na kama ukuta una rangi ya zamani inayobanduka muambie daktari, rangi nyingine za zamani zina madini ya risasi.

"Nikimpaka shubiri au pilipili vidoleni ataacha?" Baba wa mapacha, Ubungo

Pilipili itaishia machoni, usijaribu. Shubiri nilipaka mimi kwenye kile chandarua, akakunja sura, akatema, akahamia kona ya pili. Nikakichomeka chote chini ya godoro kama inavyotakiwa, sasa hivi yuko kwenye mguu wa meza.