Kabla ya kuifufua treni ya juu, hesabuni ngazi

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii lilisema: "Miji kadhaa ya Marekani ilijenga treni ndogo za juu katikati ya mji, nazo zinazunguka karibu tupu. Ungekuwa wewe, ungezifufua vipi? Na je, Mwanza nayo ijenge ya kwake?" Neno "kuzifufua" ndilo lililonichoma. Anayefufuliwa ni aliyewahi kuwa hai. Kwa hiyo nitajibu swali la jirani yake: kwa nini mtu aliyesimama barabarani, treni inapita juu ya kichwa chake, haoni sababu ya kupanda ngazi?

Chukueni ya Detroit, maana ndiyo inayotajwa kila mara. Ilifunguliwa Julai 31, 1987. Ni mduara wa kilomita 4.7, vituo 13, njia moja, upande mmoja tu wa kwenda, bila dereva. Ilizaliwa na mpango wa serikali kuu ya Marekani ulioanza 1976 wa kuipa miji treni za aina hii. Mwisho wa yote zikajengwa tatu tu, Miami, Detroit na Jacksonville. Mduara ule haukukusudiwa kuishi peke yake. Rais Gerald Ford aliahidi dola milioni 600 kwa reli kubwa za kutoka vitongojini, na kazi ya mduara ilikuwa kuwapokea watu wa reli hizo na kuwagawa maofisini. Mji na vitongoji vyake vikashindwa kuelewana, reli kubwa zisijengwe, mduara ukajengwa. Yaani gati limekamilika, meli haipo. Walikadiria abiria 67,700 kwa siku. Mwaka wa kwanza walipata kama 11,000.

Sasa hesabu, na hii mtu yeyote wa Makoroboi hapa Mwanza anaweza kuifanya kwa vidole. Kilomita 4.7 ukigawanya kwa 13 unapata mita 360 kati ya kituo na kituo. Mtembea kwa miguu wa kawaida huenda mita 80 kwa dakika, kwa hiyo anafika kituo cha pili kwa dakika nne na nusu. Anayepanda treni, jukwaa likiwa mita tano na nusu juu ya barabara, anakanyaga vipandio 32 vya sentimita 17. Hiyo ni dakika moja, ukiweka na geti. Mzunguko mzima huchukua dakika 15 hivi, kwa hiyo zikiwa njiani treni mbili, moja hupita kila dakika saba na nusu, na abiria kwa wastani husubiri karibu dakika nne. Safari yenyewe dakika moja na ushee, kushuka nusu dakika. Jumla dakika sita na zaidi. Wa miguu ameshafika na ameshaagiza chai.

Ziwekeni treni tano. Zinapishana kwa dakika tatu, kungoja kunashuka hadi dakika moja na nusu, na kwa safari ya vituo viwili treni inaanza kumshinda wa miguu. Hapo ndipo pa kuanzia, kabla ya rangi mpya na kabla ya wimbo wa matangazo: idadi ya treni zilizoko njiani kwa wakati mmoja. Mwenye kuleta wazo la kufufua bila kutaja dakika za kungoja anapamba tu.

Ila mduara wa upande mmoja una ugonjwa wake ambao treni tano haziuponyi. Ukienda vituo vitatu mbele, kurudi ni vituo kumi. Ukienda kimoja, kurudi ni kumi na viwili. Popote uendapo, kwenda na kurudi kukijumlishwa ni mzunguko mzima, dakika 15 kwenye behewa, hata kama ulikotoka na ulikokwenda vinatazamana ng'ambo ya barabara. Dawa yake ni njia ya pili ya kurudi upande mwingine, na hiyo ni nguzo mpya na boriti mpya, karibu sawa na kujenga upya.

Kingine ni vipuri. Treni ya Detroit ilinunuliwa ikiwa na mabehewa 12, yanayotembea mawili mawili, kwa hiyo ni treni sita. Ukitoa tano barabarani, karakana inabaki na moja. Na mota yake si ya duka la jirani. Mota ya kawaida ni ya mviringo. Hii ni kama imepasuliwa ikanyooshwa: nusu imefungwa chini ya behewa, nusu nyingine ni bamba la alumini lililolazwa katikati ya reli kwa urefu wote wa njia. Kati yao pana nafasi ya sentimita moja hivi. Magurudumu yakilika, behewa linashuka na mota inakaribia kulikwaruza bamba. Fundi akiipandisha mno, nguvu inapotea, umeme unaliwa zaidi na mota inachemka. Aina hiyohiyo ilitumika Scarborough, mjini Toronto, Canada, hadi behewa lilipoacha reli Julai 2023 na njia ikafungwa moja kwa moja. Detroit wakayanunua baadhi ya mabehewa ya Toronto. Kuna waliocheka, eti mji unanunua mitumba. Mimi naona ndiyo akili nzuri kuliko zote walizofanya: teknolojia yatima hulishwa na maiti za ndugu zake. Jacksonville, ambao treni yao ya reli moja haitengenezwi tena, hawakupata ndugu wa kufaa hivyo, wakaanza kupanga kuigeuza njia yao ipitishe magari ya matairi yasiyo na dereva.

Lakini kinachonifanya nisiwe mwepesi wa kusifu mduara wa Detroit ni Oktoba 24, 1998, saa 11:45 jioni. Nivumilieni hapa.

Duka kubwa la Hudson's, kwenye barabara ya Woodward, lilikuwa limefungwa tangu 1983. Jengo lilikuwa na kimo cha mita 134. Mji ukaamua kuliangusha kwa baruti: zaidi ya kilo 1,200, zikatiwa sehemu zaidi ya 4,000 za jengo. Njia ya treni ilipita pembeni, mita nne na nusu hivi kutoka ukutani. Pimeni hapo mlipo: ni kama urefu wa Hiace moja. Sasa, baruti haivunji jengo. Inakata miguu, na uzito wa jengo wenyewe ndio unaolivunja. Milipuko hupishana kwa sehemu za sekunde ili upande mmoja uanze kushuka kwanza na kuuvuta mwingine. Kwa jengo lililosukwa kama kitu kimoja, hilo linawezekana kwa usahihi wa kushangaza. Hudson's halikusukwa hivyo. Lilijengwa kwa awamu tangu 1911 hadi miaka ya 1940, kipande kikipachikwa kwenye kipande, nguzo za huku zisifanane na za kule. Jengo la awamu halianguki kama jengo moja. Kila kipande kina hiari yake.

Lilianguka. Vumbi likafunika mji kati, na vifusi vikaifikia njia ya treni na kuiharibu.

Ilikuwa inaepukika? Njia ya uhakika ni kushusha kwa krini boriti zote zilizo ndani ya eneo la hatari, kuzilaza mbali, kisha kuzirudisha. Ni wiki kadhaa, na ni kukata nyaya za umeme na za mawasiliano na kuziunganisha upya. Njia nyingine ni kubomoa kwa mikono ghorofa za juu za upande ule kwanza, ili kimo kinachoanguka kipungue. Zote ni ghali, na zote zinaisimamisha treni kwa ratiba inayojulikana badala ya isiyojulikana. Binafsi ningeshusha boriti, ingawa ni rahisi kuwa hodari baada ya vumbi kutua.

Maana kazi inayofuata kifusi kikishagonga si ya kuinua boriti tu. Nguzo zinapimwa kama zimeinama. Pedi za mpira zilizo chini ya boriti zinakaguliwa kama zimehama au kupasuka. Zege linagongwa kwa nyundo kutafuta mlio mtupu. Reli na lile bamba la alumini vinarudishwa kwenye mstari kwa milimita, kwa sababu nafasi ya sentimita moja haisamehe kosa la nusu sentimita. Kisha nyaya, kisha mfumo unaoziendesha treni bila dereva unafundishwa upya njia iliyobadilika, kisha treni tupu zinapita polepole, kisha kwa kasi, usiku baada ya usiku. Mduara ulikaa miezi mingi bila kuwa mzima. Njia ikiwa moja na ya upande mmoja, ukikata mita thelathini umeuvunja mduara wote. Treni haina pa kupitia ili imalize mzunguko.

Na mji uliendelea. Kabla ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa Juni 2025, kivuko kikisimama nusu siku tu, malori yalijipanga, samaki wakaanza kunuka, na simu zikapigwa hadi Dodoma. Hivyo ndivyo unavyojua kwamba chombo kinabeba maisha ya watu. Mduara wa Detroit ulikatika miezi na watu wakatembea kwa miguu.

Nilipoanza barua hii nilikusudia neno moja: bomoeni. Hapa nilipofika naona haya kidogo, kwa sababu kiwanja kilekile cha Hudson's sasa kina mnara mpya mrefu, na mwaka 2024 kampuni ya magari ya GM ilitangaza kuhamishia hapo makao yake makuu kutoka majengo ya Renaissance Center, ambako nako kuna kituo cha treni hiyohiyo. Mji kati uliokuwa makaburi ya maduka mwaka 1998 si huo wa leo. Miami wanaonyesha jambo hilo vizuri zaidi. Treni yao ilifunguliwa 1986, ikaongezewa matawi ya Omni na Brickell mwaka 1994, ikawa bure mwaka 2002. Kilichoiokoa, kwa maoni yangu, si ubure: inakutana na treni kubwa ya jiji katika vituo viwili, Government Center na Brickell, na watu wakajengewa maghorofa ya kuishi kandokando ya njia. Meli ilichelewa, lakini ilifika gatini.

Kubomoa nako si bure. Boriti hukatwa usiku, barabara ikifungwa kipande kwa kipande, na huko Jacksonville hoja mojawapo ya kuiacha treni yao ilikuwa kwamba fedha za serikali kuu zilizoijenga zingeweza kudaiwa. Wanaotaka njia igeuzwe bustani ya kutembelea kama ile ya New York wakumbuke kwamba umati uliobanana huhesabiwa nusu tani kwa kila mita ya mraba. Njia ya upana wa mita tatu ni tani moja na nusu kwa kila mita ya urefu. Boriti huenda zikabeba, ila ukingo, ngazi za dharura na mifereji ya maji vyote vinapaswa kuongezwa.

Kwa hiyo Detroit wasibomoe. Waongeze treni hadi kungoja kuwe chini ya dakika mbili. Kila kituo kiwe na lifti mbili, maana kituo chenye lifti moja, lifti hiyo ikiharibika, kinamfungia nje mwenye kiti cha magurudumu, mama mwenye mtoto na mwenye mzigo. Basi zishushe watu mguuni pa ngazi: kituo kikuu cha mabasi cha Rosa Parks kipo jirani na mduara, na tramu ya Woodward iliyoanza 2017 inakutana nao kwenye kituo cha Grand Circus, basi vibao na ratiba viwe vya familia moja. Nauli, iliyokuwa senti 75 kabla ya kuanza kusafirisha bure 2024, wasiirudishe. Mashine za kuikusanya zinataka mafundi wao. Yote haya ni kwa sharti kwamba vipuri vya Toronto vinatosha. Vikiisha, nafuta niliyoandika.

Mwanza je? Mduara wa mji kati, hapana. Kutoka Stesheni kwenda Soko Kuu mtu hangojei chombo, anakwenda. Anayeteseka ni wa Buhongwa, Igoma na Kisesa asubuhi, naye anahitaji basi lenye njia yake, kama mwendokasi wa Dar es Salaam ulioanza 2016, ukiwekewa mabasi ya kutosha. Kama kuna kitu cha kupita juu hapa kwetu, ni kwa wa milimani, Igogo, Mabatini, Bugando, wanaobeba ndoo na gunia kwenye vijia vya mawe. La Paz, Bolivia, tangu 2014 wanawapandisha watu wao kwa vyumba vidogo vinavyoning'inia kwenye kamba ya chuma, na pale mlima ni mlima kweli. Sisemi tuige kesho. Nguzo zake ni chache, lakini kila moja inabeba mzigo mkubwa, na mawe yetu mengi yamekaa juu ya udongo, hayakuota kutoka chini. Mkandarasi akiwaonyesha jiwe kubwa kama nyumba akasema msingi upo tayari, mwambieni atoboe mita tano ndani yake kwanza, atoe kipande kizima, na kila mtu akione.

Msomaji wenu,
Mkuyuni, Mwanza