Fonti nono kwenye bango safi, kwenye lebo haisomeki

SWALI: Kaka, habari za kazi. Nauza juisi ya zabibu hapa Majengo, Dodoma. Dizaina alinitengenezea logo kwa fonti moja hivi nene, imevimba kama maandazi, inaitwa Cooper Black. Bango limetoka zuri mpaka wapita njia wanalisifia, ila kwenye lebo za chupa tumeandika maelezo yote kwa fonti hiyohiyo na hayasomeki, mteja anasogeza chupa mpaka jichoni. Dizaina anasema tatizo printa. Nibadilishe printa au fonti?
Muuza juisi, Majengo

JIBU: Dada yangu pole kwa lebo, ila bango usiliguse. Hiyo fonti ilichorwa na Oswald Cooper wa Chicago, Marekani, ikatoka 1922, enzi za kuchapa kwa herufi za madini ya risasi, na watu wa matangazo wakaipenda sana kwa sababu inamwita mtu akiwa bado yuko mbali. Haina ncha kali, vile vimiguu vya herufi vyote vimeviringwa, hata chini herufi zimekaa kimviringo, kwahiyo wino ukisambaa kidogo au rangi ikififia kwa jua na vumbi letu hili la Dodoma huoni kasoro haraka. Miaka ya 70 ilijaa kwenye tisheti zile za kubandika herufi kwa pasi, na jina la ndege za easyJet za Uingereza limeandikwa kwa fonti hiyohiyo.

Na kwa neno zabibu, mimi naona imepata kwake kabisa! Angalia a, b, b, u zilivyojaa, ni punje za kwenye kichala. Ila ziwe herufi ndogo, ukiandika ZABIBU kwa herufi kubwa zote yale matumbo yanapungua unabaki na ukuta wa tofali.

Sasa shika lebo uitazame e na a kwa karibu. Kitundu cha ndani kimebaki kama cha sindano maana unene wote umekula nafasi, ukiishusha mpaka saizi ya 7 wino unakiziba na a inageuka doa, na Kiswahili chetu a ziko kila mahali, we soma tu "hifadhi mahali pa baridi" uzihesabu. Hata ukihamia printa ya gharama, kitundu ni kilekile.

Kwahiyo jina la juisi liache nono, viungo, ujazo na tarehe ya kuisha muda weka fonti nyembamba ya kawaida isiyo na mapambo, na mwambie dizaina asiinenepeshe tena kwa kuibold. Kabla hujalipia lebo zote printi moja kwa saizi yake halisi, ibandike kwenye chupa, mpe mama mtu mzima pale sokoni asome tarehe bila miwani. Akikwama, ongeza saizi, hata kama itabidi picha ya zabibu ipungue.