Kwetu bado ni Miome

Wiki hii mmetuuliza: ni mahali gani mjini kwenu ambapo watu hupapita kila siku bila kujua palikotoka? Pangu ni Tudor, Mombasa. Kibao cha langoni kinasema Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Baba yangu, aliyesoma hapo, hajapata kupaita hivyo hata siku moja. Kwake ni Miome, basi.

Miome ni herufi za mwanzo za jina la Kiingereza la chuo cha elimu ya Waislamu kilichoasisiwa 1948. Zama hizo shule nyingi zilikuwa za misheni, na wazazi wengi wa Kiislamu wa mwambao waliogopa mtoto asije akarudi nyumbani na dini nyingine. Vijana wakabaki na chuo cha Kurani, na kazi za ufundi zikawapita. Fedha za kujenga zilitoka kwa Sultani wa Zanzibar, Sayyid Khalifa bin Haroub, ambaye ukanda wetu wa pwani ulikuwa bado chini ya bendera yake. Zikatoka kwa Aga Khan, kiongozi wa Waismailia, kwa jamaa wa Kibohora, na kwenye mfuko wa maendeleo wa serikali ya kikoloni. Hapo mimi husimama kidogo kila nikisimulia: Ibadhi wa Sultani, Ismailia na Bohora, watu wa madhehebu tofauti ya Kiislamu, waliweka mikono pamoja ili mtoto wa Afrika Mashariki ajifunze ufundi. Wanafunzi wa kwanza walipokelewa 1951.

Baadaye mlango ukafunguliwa kwa watu wa dini zote, na 1966 jina likawa Mombasa Technical Institute. Baba aliingia 1969, na mwenzake wa benchi alikuwa Mkristo kutoka Taita. Wangali wakitembeleana mpaka leo. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kipande cha chuma kilichobanwa kwenye jiliwa, kile kibanio cha benchini, na tupa mkononi, chuma chenye meno cha kusugulia. Ukipige tupa mpaka kinyooke. Mwalimu anakiinua dirishani, anaegemeza rula ya chuma juu yake, anatazama kama mwanga unapenya katikati. Ukipenya hata kama uzi, unarudi benchini. Baba alirudishwa kwa wiki mbili. Kipande hicho anacho, kiko juu ya kabati, na kila mjukuu ameshawahi kuonyeshwa namna ya kukitazama dhidi ya mwanga.

Mengine mnayajua: 1972 kikawa Mombasa Polytechnic, 2007 kikawa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, na Januari 2013 Rais Kibaki akakipa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Nilifurahi sana siku hiyo, maana Pwani ilikuwa imengoja mno. Lakini tangu hapo nawasikia wazazi wakisema mtoto wao "amepata digrii tu, si mambo ya diploma", kana kwamba diploma ni aibu. Hilo linaniuma. Chuo kingali kinafundisha diploma, na ni hiyo kazi ya mikono iliyowafanya waliotangulia watoe mali zao. Aliyepiga tupa wiki mbili hana cha kumwonea haya mwenye joho.

Ombi langu ni dogo: majina yote matano yaandikwe ukutani pamoja na miaka yake, na la kwanza, kwa herufi zilezile alizozizoea baba, liwe Miome.