Uliza Karani: "Siku ya nne alikuwa nje"

SWALI: Shikamoo Karani. Kaka yangu alichomwa kisu tumboni katika ugomvi wa mpaka wa shamba. Alilazwa wiki tatu na hadi leo hawezi kuinama. Aliyemchoma alikamatwa usiku uleule, siku ya nne akafikishwa mahakamani, na jioni alikuwa kwake. Kaka yangu bado alikuwa na mrija tumboni! Tukiuliza tunaambiwa dhamana ni haki yake. Na haki ya kaka yangu je? Sheria imewekwa kuwalinda wahalifu? — Mdogo wa majeruhi

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Pole sana, na kaka mfikishie pole zangu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Nilikuwa karani wa mahakama kwa miaka 19, na swali hili niliulizwa dirishani pangu na watu wengi, baadhi wakilia. Foleni ilikuwa ndefu, niliwajibu kwa neno moja na kumwita anayefuata. Leo ninayo nafasi.

Dhamana si msamaha, wala si hukumu. Kesi ya kaka yako iko palepale. Aliyetoka ametia saini kwamba atarudi kila tarehe atakayopangiwa, na kuna watu waliotia saini pamoja naye ambao watabanwa asipoonekana. Siku ile ya nne hakimu hakuwa amemsikia shahidi hata mmoja. Alichokuwa nacho mezani ni hati ya mashtaka, karatasi ambayo mara nyingi ina mistari isiyozidi kumi. Nimezipokea nyingi mno, nazijua. Kwa karatasi hiyo huwezi kumfunga mtu, na rumande, tuiite tutakavyo, ni kufungwa. Ndiyo maana Tamko la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa la 1948, ibara ya 11, linamhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitike kisheria. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966 ukaongeza katika ibara ya 9 kwamba kuwaweka watu mahabusu wakingoja kesi kusiwe ndiyo kanuni ya kawaida.

Utasema: lakini sisi tunamjua, tulimwona. Nakuamini. Ila niliwahi kuandika majina ya familia nzima iliyoapa kwamba kijana fulani ndiye aliyempora mama yao. Alikaa ndani miezi mitano. Mwezi wa sita mali ya yule mama ikakutwa kwa mtu mwingine kabisa, ambaye hata sura hawakufanana. Familia ile haikusema uongo. Ilikuwa na uchungu, na uchungu uliwafanya wawe na uhakika. Sheria ya dhamana imetungwa kwa ajili ya siku kama hiyo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo una haki ya kulikasirikia, nami nalikasirikia pamoja nawe. Hakuna aliyewaambia. Mshtakiwa alisimama kizimbani, mwendesha mashtaka akaulizwa kama ana pingamizi, akajibu hana, na kaka yako kitandani hakujua kwamba siku hiyo ni siku. Angeulizwa, pengine angeeleza kwamba nyumba zenu zinatazamana na kwamba mtu yule ameshatishia mashahidi. Hakimu hupima mambo hayohayo: atarudi au atatoroka, ataharibu ushahidi au hataharibu, kuna mtu atakayedhurika au hakuna. Lakini hawezi kupima asichoambiwa.

Bado hamjachelewa. Nendeni kwa mwendesha mashtaka na mpelelezi wa kesi, mkiwa na namba ya kesi mkononi, mwombe mahakama iongeze masharti: asimkaribie kaka yako, asizungumze na mashahidi, ikibidi akaishi kwingine mpaka kesi iishe. Akivunja sharti, andikeni siku, saa, maneno aliyosema na nani alisikia. Ujumbe wa simu msiufute. Dhamana hufutwa. Nimeshuhudia ikifutwa asubuhi moja tu, baada ya binti mmoja kuonyesha ujumbe aliotumiwa na mshtakiwa saa nane za usiku. Nimeshuhudia pia binti mwingine, ambaye hakuwa na cha kuonyesha, akifika kizimbani na kusema hakumbuki kitu. Huyo simsahau.

SWALI: Karani, mume wangu anashtakiwa kwa wizi kazini. Hakimu alisema dhamana iko wazi. Lakini wanatakiwa wadhamini wawili wenye mali isiyohamishika, na sisi ni wapangaji, ndugu zetu ni wapangaji. Huu ni mwezi wa nane yuko ndani. Hiyo dhamana iko wazi kwa nani? — Mke anayesubiri

JIBU: Dada yangu, umeuliza kwa sentensi moja jambo ambalo limenikaa moyoni kwa miaka.

Kulikuwa na kijana aliyeshtakiwa kwa kuiba simu. Siku ya kwanza tu dhamana ikawa wazi, masharti kama ya mume wako. Hakuwa na mtu. Kila baada ya wiki mbili analetwa, kesi inatajwa, mashahidi hawapo, anarudi. Hati ya kumrudisha rumande nilikuwa naijaza mimi, kwa mkono wangu. Nilijaza 24. Mwisho kesi ikaondolewa kwa kukosa mashahidi, akatoka baada ya miezi kumi na moja bila kutiwa hatiani kwa lolote. Wiki ileile aliyotoka aliletwa bwana mmoja anayedaiwa kufuja fedha za watu kwa mamilioni. Wadhamini wake walikuwa wamejipanga nje kabla mlango haujafunguliwa, hati za nyumba zimo kwenye bahasha. Saa sita mchana alikuwa barabarani. Sisemi bwana yule angenyimwa. Alistahili kutoka, na kijana alistahili zaidi.

Kwa hiyo mtu akiniambia dhamana si haki, namwuliza anazungumzia dhamana ipi. Kumwachia mtu ambaye hajahukumiwa ni haki. Kuiwekea haki hiyo bei asiyoifikia, kisha kumwandikia "dhamana iko wazi", ndiko kudhulumu. Si jambo geni: Waingereza waliandika mwaka 1689 kwamba dhamana isiwe kubwa kupita kiasi, na Wamarekani wakaliingiza katika katiba yao mwaka 1791. Hata hivyo watu waliendelea kukaa ndani kwa ukata. Ndipo mwaka 1961, mjini New York, ulipoanzishwa mradi wa kuwahoji washtakiwa kabla ya kufika mbele ya hakimu: unaishi wapi, tangu lini, unafanya kazi gani, una nani hapa mjini. Walioonekana wana mizizi wakapendekezewa kutoka kwa ahadi tu, bila fedha. Walioshindwa kurudi kwa makusudi hawakufika 2 katika kila 100. Kinachomrudisha mtu mahakamani ni mke, watoto, kazi na jina lake. Mume wako anavyo. Jimbo la Illinois, Marekani, limeondoa kabisa dhamana ya fedha tangu Septemba 2023. Hakimu huko huamua mtu atoke kwa masharti au abaki kwa sababu zinazotajwa, na mfuko wake hauhesabiwi.

La kufanya: masharti ya dhamana si msumari. Mume wako, mwenyewe au kupitia wakili, anaweza kuomba yalegezwe katika mahakama ileile, na akikataliwa apeleke maombi mahakama ya juu. Asiseme tu "sina uwezo". Aeleze ameishi hapo miaka mingapi, watoto wanasoma wapi, mwajiri wa zamani yuko tayari kumsemea au la, na aombe wadhamini wenye mishahara au kazi zinazojulikana badala ya wenye nyumba. Ataje pia miezi minane hiyo. Hakimu ana mafaili mengi, na asipokumbushwa kwamba masharti yake yameshindwa kufanya kazi, atadhani yanafanya.

SWALI: Kwa nini muuaji nchi moja anaweza kupata dhamana na nchi nyingine hawezi? — Mwanafunzi

JIBU: Kwa sababu nchi zinatofautiana juu ya nani aamue. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 49, humpa kila aliyekamatwa haki ya dhamana kwa masharti ya kiasi, isipokuwa pawe na sababu nzito za kumzuia, hata kwa shtaka la mauaji. Tanzania, sheria yenyewe inaorodhesha makosa yasiyo na dhamana, yakiwemo mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha. Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinapingana na katiba. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Mimi niko upande wa kumwachia hakimu apime. Orodha haijui nani kasingiziwa.

SWALI: Binamu yangu ananiomba nimdhamini. Nikatae? — Mwenye wasiwasi

JIBU: Jiulize kama unaweza kumpata saa yoyote ukimhitaji. Asipofika mahakamani utaitwa wewe ueleze, na unaweza kuamriwa kulipa kiasi ulichotia saini, au kufungwa ukishindwa. Soma kiasi hicho kabla ya kalamu kugusa karatasi. Niliwaona wengi wakitia saini huku wakiniuliza choo kiko wapi. Na ukianza kuona anahamahama au hapokei simu, usingoje tarehe ya kesi. Nenda mahakamani uombe kujitoa. Unaruhusiwa.