Shangazi, nisaini au nisisaini?

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 41 na watoto watatu, naishi Kihonda, Morogoro. Mume wangu anataka kuiweka nyumba yetu rehani benki akope milioni 60, anunue Fuso la mkononi abebe mchele kutoka Ifakara kwenda Dar es Salaam. Rejesho ni milioni 1 na laki 7 na ushee kila mwezi, kwa miaka minne. Hati ina jina lake peke yake, ila benki wamesema bila saini yangu mkopo hautoki. Tunatakiwa kwenda mwisho wa mwezi. Mimi sitaki. Lakini nyumba kaijenga yeye kwa mshahara wake, mimi nilikuwa nakaanga maandazi na kulea watoto tu. Kila nikifungua mdomo nimwambie, najikuta namuuliza kama nimwongezee mboga. Mashemeji nao wameshaanza kusema napinga maendeleo ya kaka yao. Ujasiri wa kuamua nitaupata wapi?

Mama wa Watatu, Kihonda

Marahaba mwanangu.

Uamuzi mbona umeshaufanya! Umeuandika katikati ya barua, maneno mawili, kisha ukaufunika na maandazi. Kinachokushinda ni kuutamka mbele ya mwenye nyumba wako.

Tuanze na hiyo "tu" yako. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilisema kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Kesi ile ilihusu talaka, na sikuambii uende huko, Mungu apishe mbali. Nakuambia uache kujihesabu mgeni kwenye nyumba uliyolisha mafundi wake. Na kuhusu jina kwenye hati, soma Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59: nyumba wanayoishi wanandoa, mmoja hawezi kuiuza wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake, hata kama ni yake peke yake. Kwa hiyo benki hawakuiti kwa adabu. Wanakuhitaji.

Kabla ya kustaafu nilikaa miaka mingi dawati la mikopo. Wanawake wengi niliwaona wakisaini wamesimama, mkoba begani, bodaboda inangoja nje. Ukimuuliza mama umeelewa, anamtazama mumewe, mume anajibu "ameelewa". Basi imeisha hiyo. Siku dalali anapofika na kipaza sauti ndipo anauliza ile karatasi ilikuwa ya nini.

Sasa, usije ukadhani nasema mumeo mjinga. Biashara ya mchele inalipa watu. Ila mkae na kalamu. Mpunga wa Kilombero huanza kuvunwa Mei hivi, na miezi hiyo gari halilali. Februari je? Rejesho halina msimu. Weka dizeli, dereva na utingo, bima, matairi, na Fuso la mkononi lina mambo yake ya gearbox. Mwambie akuandikie mwezi mbaya mmoja, si mwezi mzuri, na akuonyeshe hiyo milioni 1 na laki 7 inatoka mfuko gani. Akikuonyesha ukaridhika, saini kwa moyo mweupe. Akishindwa, mtakuwa mmeliona wote wawili, na hapo hutahitaji ujasiri mkubwa hivyo.

Mazungumzo hayo usiyafanye mezani, maana mezani ndipo unapokimbilia mboga. Wala mbele ya mashemeji. Tafuta Jumapili watoto hawapo, kaeni nje, na sentensi yako uwe umeishaizoea mdomoni: "Baba watoto, gari nalitaka kama wewe, ila nyumba ya kulala watoto siitii saini mpaka nione hesabu." Kisha nyamaza. Usijieleze, usiombe radhi, usinyanyuke kwenda kuangalia jiko. Akikasirika mwache akasirike, hasira ya mume mwenye akili haimalizi wiki.

Uwe pia na njia nyingine mkononi, maana "hapana" tupu inaudhi. Kama mna kiwanja kisichojengwa, hicho ndicho kiende rehani. Au aulizie mkopo ambao gari lenyewe ndilo dhamana. Atatakiwa kutanguliza fedha yake, naye huenda hilo halipendi, lakini gari likichukuliwa mtabaki na paa.

Akikaza, kuna baraza la usuluhishi la kata, au la msikiti au kanisa lenu. Na ukisikia fununu kwamba atapeleka mwanamke mwingine akasaini kwa jina lako (yapo hayo, nimeyaona), kifungu hichohicho cha 59 kinakupa haki ya kuweka zuio kwa Msajili wa Hati. Benki nao waandikie barua, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Hiyo ni ya mwisho kabisa. Usimtishe nayo mumeo Jumapili.

Wewe mwenyewe nenda benki wiki hii, peke yako, umwombe afisa mikopo akusomee kwa Kiswahili ukurasa unaoeleza mkishindwa kulipa itakuwaje. Muulize notisi ni ya siku ngapi kabla ya mnada. Omba nakala ya mkataba ambao haujasainiwa, urudi nayo nyumbani.