Mpe Mtoto Taka Yenye Kazi

Nilipoamua kuwafundisha wanangu wawili kutumia tena taka za nyumbani, nilianza kwa kosa ambalo nadhani wazazi wengi tunalifanya: nilianza na mapambo. Jumamosi mbili mfululizo tulikata chupa za maji, tukazipaka rangi, tukatengeneza maua na kuyaning'iniza barazani, na majirani wakatusifu. Masika yalipoingia rangi ilibabuka, vikombe vya maua vikatuama maji, mbu wakapata pa kutagia. Binti yangu, aliyekuwa na miaka tisa wakati huo, aliyang'oa yote akayatupa kwenye pipa bila kuniuliza. Nilipomgombeza alinijibu kwa adabu kabisa: "Lakini mama, hayana kazi."

Alikuwa na haki. Chupa ambazo zingeuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa plastiki sisi tulizipaka rangi na gundi, kisha tukazitupa zikiwa katika hali mbaya kuliko tulivyozikuta. Tangu siku hiyo, kabla ya kukata chochote, ninawauliza watoto swali moja tu: kitu hiki kikishakuwa tayari, nani atakihitaji kesho? Kama hakuna jibu, chupa inabaki chupa na inakwenda kwa mnunuzi.

Kosa la pili lilikuwa la fedha. Niliahidi shilingi 50 kwa kila chupa tupu itakayoletwa nyumbani, nikidhani ninawafundisha thamani ya taka. Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri. Wiki ya pili mdogo wake, ambaye hajawahi kupenda maji ya dukani, alianza kulia kila tulipopita genge anunuliwe chupa ya maji, na siku moja jirani alikuja kulalamika kwamba chupa yake ya juisi iliyokuwa imebaki nusu imemwagwa na kuchukuliwa. Nilikuwa nimewafundisha kuzalisha taka! Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba fedha ya chupa isiwe ujira wa mtoto mmoja mmoja. Sisi sasa tunakusanya gunia zima, tunaliuza pamoja, na fedha hununua kitu cha nyumba nzima.

Kilichobadilisha mambo kilikuwa likizo kwa mama yangu, Pangani. Pale neno "mazingira" halitajwi, lakini nazi moja haibaki na kitu cha kutupa. Tui likishakamuliwa, chicha huenda kwa kuku. Kifuu huwa upawa au kata ya maji. Makumbi hufukiwa katika tope la pwani kwa miezi kadhaa hadi yalainike, yapondwe, na usumba wake usokotwe kuwa kamba. Na chelewa za makuti hufungwa kuwa ufagio. Bibi yao hakuwahubiria. Alimpa binti yangu kifuu na kipande cha chupa iliyovunjika, mwenyewe akakaa kando kumwangalia mkono, akamwambia akwangue nyuzi zote za nje mpaka kiwe laini, kwa sababu upawa wa zamani umepasuka na wali wa jioni utahitaji mchuzi. Mtoto alikwangua mchana kutwa. Upawa ule, wenye mpini uliopinda kidogo, ndio tunaotumia jikoni hadi leo, na ole wake atakayeuita taka.

Tuliporudi Tanga tulianza mboji, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndilo somo lililozaa zaidi. Tulitoboa matundu chini na pembeni mwa ndoo kuukuu ya lita 20, tukatandika majani makavu, kisha tukawa tunaweka maganda ya ndizi, viazi na mboga, na kila mara tukiyafunika kwa majani makavu au vipande vya katoni. Mwanzoni ilinuka na nzi wakajaa, kwa kuwa tulikuwa tunaweka maganda mabichi matupu. Majani makavu yalipoongezwa harufu ilikata. Mifupa, samaki na mafuta hatuweki, maana huita panya. Watoto waligawana kazi: mkubwa anageuza, mdogo anaangalia kama mchanganyiko ni mkavu au umelowa mno.

Mezani mnaweza kueleza mara mia tofauti ya taka inayooza na isiyooza, lakini siku tuliyoimwaga ndoo ile ilieleza yenyewe. Maganda yalikuwa yamekuwa udongo mweusi, ganda la yai lilivunjika kwa vidole, na katikati yake palikuwa na karatasi ya pipi, inang'aa kama ilivyotoka dukani. Binti yangu, anayejua kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, aliniuliza mbona karatasi ya pipi imeachwa. Sikuwa na jibu la kumtosheleza, na nilimwambia hivyo.

Kuna mambo ambayo mzazi asiyafanyie mzaha. Chupa za dawa za kuulia wadudu, betri na sindano si vitu vya kuchezea hata vikioshwa mara saba. Makopo ya bati yakikatwa, ncha zipindwe kwa koleo kabla mtoto hajayashika. Plastiki isichomwe uani, hata kama jirani anafanya hivyo kila jioni, kwa sababu moshi wake ni sumu.

Mdogo sasa ana gari la kopo lenye magurudumu ya ndala iliyokatika, na nilipomweleza kwamba Lamu mafundi waliunda jahazi zima lililofunikwa kwa ndala zilizookotwa, likasafiri hadi Zanzibar mwaka 2019, aliniomba ndala zangu nilizozivaa. Karatasi ya pipi tuliirudisha kwenye ndoo. Kila tunapogeuza mboji yeye ndiye huitafuta. Mwezi uliopita aliipata, akaifuta kwa kidole gumba, akatusomea jina la pipi herufi kwa herufi.